Joto la Nyumba Mbili

Kila Jumanne asubuhi, kabla jua halijawaka juu ya Ifakara, Filotea Matimbwa alipanda ngazi hadi darini akateremsha matofali arobaini ya chumvi yaliyokwisha kushiba joto. Kila tofali lilikuwa kubwa kama mkate na limevikwa ganda jembamba la udongo. Aliyafunika vizuri yasipate unyevu, akayapanga kwenye toroli, akayasukuma hadi barabarani ambako gari la reli liliyakusanya. Gari hilohilo lilimwachia arobaini mengine, mabichi, yaliyorudi kutoka nyanda za juu, naye akayapandisha darini moja baada ya jingine. Kazi hiyo ilimla saa mbili nzima. Baba yake, mzee Kasiani, alikuwa akiifanya peke yake mpaka mwaka juzi moyo ulipoanza kumsumbua. Siku hizi alikaa chini ya ngazi akimwelekeza binti yake pa kukanyaga, ingawa binti alikuwa na miaka arobaini na moja na ngazi aliijua vizuri.

Ndivyo nyumba za bondeni zilivyopozwa tangu Mapatano ya bonde na mlima, mwaka wa kumi na tisa sasa. Chumvi ile ilikuwa na tabia yake. Ikipigwa na joto ilitoa maji yake yote ikakauka, na ikishakauka iliweza kukaa miezi sita bila kupoteza kitu, kwa sababu joto halikukaa ndani yake kama joto, lilikaa kama kiu. Siku utakayoinywesha, kiu inakatika na joto linatoka. Kwa hiyo joto lililowatesa watu wa Ifakara lilinyonywa darini, likapakiwa kwenye mabehewa, likapanda na reli hadi Makambako, na huko likatiwa maji katika nyumba za watu waliokuwa wakitetemeka. Kila nyumba iliyotia saini bondeni ilipewa pacha wake mlimani. Watu wa mlimani, kwa upande wao, waliacha kuni na mkaa, misitu yao ikasimama, na mito ikaendelea kuteremka kuja kunywesha mpunga wa bonde.

Lakini ilipofika saa nane mchana, mwezi wa Februari, matofali yote arobaini yalikuwa yameshashiba kiasi chake cha siku hiyo na hayakuweza kunyonya zaidi mpaka kesho yake. Nyumba ilipanda hadi nyuzijoto thelathini na tano. Mzee Kasiani alilala kwenye sakafu ya saruji na kanga mbichi kifuani, akivuta pumzi kwa shida, na Filotea alikaa kando yake akimtazama kifua kikipanda na kushuka.

Hakuwa mtu wa kukaa tu na kutazama. Alikuwa mhandisi wa Idara ya Joto ya mji, na kwa miaka kumi na moja alikuwa akitengeneza kitu ambacho watu wengi walikiita utando. Ulikuwa mweupe, mwepesi kama shuka la kitanda, ukitandazwa juu ya bati na kubanwa kwa misumari minne. Hauna mashine, haunywi umeme, hakuna tofali la kubeba. Ulilichukua joto la nyumba ukalirusha juu moja kwa moja, likapita mawingu, likapita hewa yote, likaenda kupotelea huko gizani kati ya nyota ambako hakuna anayelihitaji wala anayelilalamikia. Wataalamu wengine walikuwa wamesema kitu kama hicho hakiwezi kufanya kazi bondeni, kwa sababu hewa ya Kilombero imejaa mvuke. Filotea aliwasikiliza, akarudi karakanani, akaanza upya mara tisa. Mara ya kumi bati lilipoa mpaka likatoa umande saa sita mchana, na yeye akaliegemeza shavu lake juu ya lile bati akacheka peke yake.

Mwaka huu ulikuwa wa kuchagua. Sheria ilitaka kila nyumba ichague upya namna yake ya kupoza kila baada ya miaka saba, na Idara ilikuwa na kikokotoo cha kusaidia. Mwenye nyumba aliingiza ukubwa wa vyumba, aina ya paa, umri wa wakazi na idadi ya madirisha, kikokotoo kikampa alama ya ufanisi. Filotea ndiye aliyeandika kanuni zake. Nyumba yake mwenyewe ilipata alama arobaini na moja kwa chumvi, na tisini na tatu kwa utando. Mkurugenzi wa Idara, Bwana Rajabu Mkopi, aliamua kwamba paa la kwanza kuvikwa utando liwe la Filotea, mbele ya watu, Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Nyumba elfu mbili na mia sita zenye pacha mlimani zilikuwa tayari zimejiandikisha kumfuata.

Kulikuwa na sharti moja tu. Nyumba inayoacha chumvi ilipaswa kumwarifu pacha wake. Wengi walituma barua ambayo Idara iliwaandikia, wakajaza jina tu. Filotea alisema yeye hatatuma barua. Utando ni wake, na mwenye kitu haoni aibu kukisema kwa mdomo wake. Alipanda treni ya chumvi siku ya Alhamisi.

* * *

Makambako ilikuwa na ukungu. Katika watu wote walioteremka stesheni ni Filotea peke yake aliyejikunyata, na hivyo ndivyo mama Agripina Mlowe, mwenye nyumba pacha aliyekuja kumpokea, alivyomtambua. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na saba, mrefu, amevaa sweta la sufu juu ya kitenge na viatu vya mpira miguuni, na viganja vyake vilikuwa na vumbi jekundu ndani ya mistari kama vya mtu aliyefinyanga udongo maisha yake yote. Filotea alimwamkia shikamoo. Mama Agripina aliitikia marahaba, akaongeza kamwene, salamu ya kwao, akamvulia mgeni mtandio wake akamfunga mabegani bila kumuuliza.

Njiani aliuliza habari za nyumba, si za mtu. Dari bado ni lile la mbao? Upande wa machweo wameshapanda mti? Filotea alijibu huku akishangaa, mpaka mama akamweleza kwamba matofali husema. Tofali lililokauka vizuri pande zote limetoka katika nyumba yenye hewa inayozunguka. Tofali lililokauka upande mmoja limesukumwa ukutani na mtu mwenye haraka.

"Mwaka juzi, Novemba, yalikuja mabichi wiki tatu mfululizo," alisema. "Nikajua kuna mgonjwa kwenu. Wiki ya nne yakaja makavu lakini yamepangwa kwa mkono mwingine. Nikasema, alhamdulillahi au asante Yesu, sijui ni watu wa dini gani, lakini amepona au amepata msaidizi."

Novemba ya mwaka juzi mzee Kasiani alikuwa amelazwa. Filotea alisema kwamba amepona, na kwamba wao ni Wakatoliki.

Nyumba ya mama Agripina ilikuwa ya matofali ya kuchoma, ya kawaida kabisa kwa nje. Filotea alitegemea kukuta chumba kimoja chenye rundo la chumvi na beseni la maji, kama picha za Idara zilivyoonyesha. Alichokikuta kilimfanya aweke mkoba wake chini na kupiga magoti.

Mama Agripina alikuwa amefinyanga mabomba. Yalianzia kwenye sanduku la udongo jikoni, ambamo matofali manne kwa siku yalinyweshwa maji, na joto kali la kwanza likaivisha sufuria ya maharage iliyokuwa juu yake. Joto lililobaki halikuachwa liende. Lilipita ndani ya ukuta wa vyumba viwili vya kulala, ukuta ambao Filotea aliuwekea kiganja akaukuta una uvuguvugu kama ubavu wa ng'ombe. Kutoka hapo liliingia katika pipa la maji ya kuoga, na likishachoka kabisa, likiwa limebaki kidogo tu, lilipita chini ya ardhi hadi kwenye kitalu cha viazi vya mbegu uani, vikachipua wiki mbili kabla ya vya jirani. Na hapo pia halikukoma. Bomba lilipita chini ya uzio kwenda nyumba ya pili, na ya tatu. Nyumba tano zilikuwa zikiishi kwa matofali ya dari moja la Ifakara.

"Nani alikufundisha?" Filotea aliuliza.

"Nilivunja mabomba mia mbili," mama alisema. "Hayo ndiyo yalinifundisha."

Alimzungusha kila mahali, akimwonyesha maungio aliyoyapaka gundi ya udongo na majivu, vifuniko vidogo vya kufungua na kufunga njia, na ghala lenye matofali makavu ya akiba yaliyopangwa hadi darini kwa ajili ya Julai, wakati umande unapoganda kwenye majani na maji ya ndoo yanavaa kioo. Kabla ya Mapatano, alisema, watu walijifungia ndani na jiko la mkaa mwezi ule, na asubuhi nyingine hawakufungua mlango. Alizika majirani wawili hivyo. Alisema hayo kwa sauti ileile aliyoelezea gundi, kisha akarudi kwenye gundi. Filotea, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa amezoea kuwa yeye ndiye fundi popote alipoingia, alijiona mwanafunzi tena, na jambo hilo halikumuudhi.

Walipokaa kula maharage ndipo aliposema alilolijia. Nyumba yake inaacha chumvi Jumamosi ya wiki ijayo. Nyumba nyingine elfu mbili na mia sita zitafuata kabla ya Aprili. Alieleza utando ni nini, na hali ya baba yake, na bila kupenda sauti yake ilipanda kwa fahari alipofika kwenye lile bati lililotoa umande. Mama Agripina alimsikiliza mpaka mwisho. Aliuliza maswali mawili kuhusu utando, yote mawili ya kifundi, yote mawili mazuri.

"Asante kwa kuja mwenyewe," alisema. "Wenzangu wameletewa karatasi."

Filotea alifungua mkoba akatoa hati ya Idara iliyoahidi kila nyumba ya mlimani jiko la umeme. Mama aliisoma, akaikunja, akamrudishia. Umeme wa huko, alisema, ulikuwa ukizimika kila mvua iliponyesha, na Julai ulizimika bila mvua. Lakini hakuirudisha kwa sababu hiyo.

"Usinionee huruma, mwanangu. Mimi si mtu wa kugawiwa. Joto lenu nimelifanyia kazi, na maji yetu mmeyafanyia kazi. Na sitakutisha kwa msitu pia. Mimi sitakata hata tawi. Ila siwezi kuwasemea wenye watoto wadogo, Julai ikifika."

Alikusanya sahani. Kisha akasimama nazo mkononi kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo.

"Hizo alama zako. Tisini na tatu, arobaini na moja. Hesabu inaanzia wapi na kuishia wapi?"

"Inaishia kwenye ukuta wa nje," Filotea alisema. "Joto likishatoka nje ya ukuta, halihesabiwi tena."

"Ukuta upi?"

Filotea alivuta mkoba akatafuta daftari lake.

* * *

Aliirudia hesabu ndani ya treni, kwenye daftari, penseli ikiruka kila reli ilipoungana. Aliirudia ofisini Ijumaa asubuhi kwa kikokotoo chenyewe. Alibadilisha mstari mmoja tu, ule alioandika mwenyewe miaka sita iliyopita bila kuufikiria sana, kwa sababu kila kitabu alichosoma kilifanya hivyo: mpaka wa hesabu ni ukuta wa nje wa nyumba. Safari hii aliuvuta mpaka hadi Makambako. Joto lililotoka darini kwake likahesabiwa tena lilipoivisha maharage, tena lilipopasha ukuta, tena kwenye maji, tena kwenye viazi, tena katika nyumba nne za majirani. Chumvi ikapata themanini na tisa. Utando, uliolitupa joto lote angani na kuiacha nyumba ya pili ikihitaji kupashwa kwa njia nyingine, ukapata hamsini.

Alijaribu nyumba isiyo na pacha. Hapo utando ulibaki tisini na tatu, na hakuna kilichoukaribia.

Alimpelekea Bwana Mkopi. Mkurugenzi alikuwa mtu mwema aliyezeekea kazini, na alizielewa namba zile haraka kuliko Filotea alivyotarajia. Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Upande wa mashariki wa mji kulikuwa na Mtaa wa Mabati, nyumba elfu kumi na mbili zilizojengwa baada ya Mapatano, zisizo na pacha wala dari la kubeba matofali. Mwaka uliopita joto liliua watu thelathini na mmoja huko. Kwa hao utando haukuwa suala la alama.

"Tunaanza na wenye pacha kwa sababu wao ndio wanaosikilizwa mjini," alimwambia. "Wakiuvaa, baraza litaupitisha kwa wote. Ukisimama Jumamosi ukasema kuna kosa, watu hawatauliza kosa liko wapi, dada yangu. Watautupa wote. Nyamaza mpaka Aprili, kisha tutarekebisha kimyakimya."

Lililokuwa gumu ni kwamba Mkopi hakuwa akisema uongo. Akinyamaza, Mtaa wa Mabati ungepozwa kabla ya joto la Oktoba, na Julai ingeingia mlimani ikiwakuta watu na majiko yasiyowaka. Akisema, huenda mlima ungebaki na joto lake, na mtaa ule ungezika wengine thelathini na mmoja huku baraza likibishana. Na katikati ya hayo yote kulikuwa na mzee mmoja kwenye sakafu ya saruji.

Alimweleza baba yake mchana uleule, akiwa amekaa chini karibu naye. Hakumficha kitu. Mzee Kasiani alikuwa amejenga nyumba kwa miaka arobaini, nusu ya kuta za Ifakara ya zamani zilipita mikononi mwake, na alisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayekagua jengo la mwenzake. Aliuliza kosa ni la nani. Filotea akasema ni lake. Akauliza nani mwingine angeliona kama yeye angenyamaza. Filotea akafikiri, akasema huenda hakuna, kwa miaka mingi.

"Basi ukuta umepinda na fundi ameuona," mzee alisema. "Mimi nikikuona unapaka plasta juu yake, nitalala vibaya hata kwenye baridi."

Akageukia upande wa pili, akafumba macho. Filotea alichukua kipimajoto chake akatoka. Alikuwa na siku nane, akazitumia zote.

* * *

Jumamosi watu walijaa mbele ya nyumba yao tangu saa tatu asubuhi. Maturubai yalifungwa, wajumbe wa baraza wakakaa mstari wa mbele, na roli la utando lilikuwa tayari juu ya paa, jeupe kiasi cha kuumiza macho. Bwana Mkopi alimkaribisha bila kumtazama. Alijua. Filotea alimwambia tangu jana yake kwamba atasema, ili asije akashtukizwa mbele ya watu, na Mkopi alikuwa amemwambia afanye, lakini afanye vizuri.

Alifanya vizuri. Hakuanza na kosa. Alianza na utando, akaueleza kwa fahari yake yote, na watu wakapiga makofi. Kisha akasema kwamba kikokotoo walichokitumia kuchagua kina kosa, na kwamba aliyelifanya ni yeye, hapa, na akawaonyesha mstari wenyewe kwenye ubao. Akawaambia habari za bomba la udongo linalopita chini ya uzio. Akawasomea alama upya. Minong'ono ilianza nyuma ikaja mbele kama upepo kwenye mpunga. Mjumbe mmoja aliuliza kwa ukali kama wameitwa hapo kuambiwa kitu chenyewe hakifai.

Hapo ndipo alipotoa kazi ya siku zake nane. Yeye na vijana hamsini wa Mtaa wa Mabati walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba na vipimajoto, wakaandika kila paa, kila mgonjwa, kila mtoto aliyezaliwa mwaka ule. Orodha ilikuwa na kurasa mia mbili. Akasema utando unafaa kuliko kitu chochote kilichowahi kutengenezwa, ila ulikuwa unapelekwa kwenye mapaa yasiyo yake. Nyumba yenye pacha, hesabu yake ni ya nyumba mbili. Nyumba isiyo na pacha ndiyo ya kuvikwa kwanza. Kisha akasema nyumba ya Matimbwa imechagua chumvi, akatia saini fomu mbele yao, akawaomba mafundi waliteremshe lile roli.

Hakuna aliyepiga makofi. Lakini umati haukutawanyika; ulilifuata gari. Saa saba mchana utando ulikuwa umebanwa kwenye kibanda cha Bi Mwanakombo Ligola, muuza samaki aliyempoteza mumewe kwa joto la mwaka uliopita, ambaye ndani mwake kipimajoto kilisoma arobaini na moja. Saa tisa kilisoma ishirini na nane. Wajumbe wa baraza waliingia mmojammoja na kutoka, na yule aliyeuliza kwa ukali aliingia mara mbili. Bi Mwanakombo aliwakaribisha wote, akawaambia wakishaona wampishe alale.

Mambo hayakwenda yote kama alivyotaka. Baraza liliidhinisha utando kwa Mtaa wa Mabati kwa kura nne za ziada, lakini Filotea aliondolewa kwenye uongozi wa mradi kwa miezi sita, na kwenye tangazo jina lake halikuandikwa. Kati ya nyumba zile elfu mbili na mia sita, elfu moja na mia tisa zilibaki na chumvi. Mia saba ziliondoka hata hivyo. Watu walikuwa wamechoka kupanda ngazi, na sheria iliwaruhusu. Aliandika majina ya pacha wa zile mia saba akampelekea mama Agripina, bila kujitetea.

Jibu halikuja kwa barua. Jumanne iliyofuata, kwenye behewa lililorudisha matofali mabichi, mama Agripina mwenyewe aliteremka akiwa na mabomba sitini ya udongo yaliyofungwa kwa majani makavu. Alikuwa ameshaanza kuwafundisha wenzake kuunganisha nyumba saba saba kwa dari moja, alisema. Hizo mia saba zitabebwa, ingawa Julai hii itakuwa ya kubanana. Lakini kabla ya hapo alikuwa na jambo la kurekebisha huku. Aliomba aonyeshwe dari.

Alikaa juu kule robo saa. Aliposhuka alitikisa kichwa. Wanayaanika yote arobaini kwa pamoja tangu asubuhi, alisema, yote yanaanza kunyonya kwa pamoja, yote yanashiba kwa pamoja saa nane, halafu wanashangaa. Joto lazima lipangiwe foleni. Mzee Kasiani, ambaye hakuwa ameshika mwiko kwa miaka miwili, aliuliza kama mabomba yale yatapita ndani ya ukuta au juu yake. Mama akasema ndani. Mzee akasema ukuta ule aliujenga yeye na hauchimbwi ovyo. Wakabishana kwa heshima mpaka chai ikapoa, wakaafikiana, na kwa siku nne mzee aliketi kwenye kigoda akichora mistari ya kuchimba kwa chaki, mama Agripina akiunganisha, Filotea akichanganya udongo na kutumwa huku na huku kama kibarua. Matofali yakagawanywa mafungu manne, kila fungu na bomba lake la kupandisha hewa ya joto kutoka vyumbani, na kifuniko chake. La kwanza lilifunguliwa saa mbili asubuhi, la mwisho saa tisa, jua linapokuwa kali kuliko yote.

Bwana Mkopi alikuja kuona siku ya tano, saa tisa kamili, akitokwa jasho shingoni. Mama Agripina alikuwa ameshapanda treni ya kurudi asubuhi. Filotea alikuwa chumba cha nyuma akifungua kifuniko cha fungu la nne, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo alisikia kila kitu. Alisikia kiti kikivutwa, na mkurugenzi akikaa polepole kama mtu anayehakikisha ngozi yake haimdanganyi. Kipimajoto cha ukutani kilisoma ishirini na saba. Mzee alikuwa kitandani, si sakafuni, na alikuwa amejivuta shuka hadi kifuani.

Mkopi alimjulia hali. Kisha akasema, nusu kwa utani, kwamba binti yake amewatia kazi kubwa ofisini. Bado wanajibu barua.

"Najua," mzee Kasiani alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, pumzi hazikumkatiza. "Ni mwanangu huyo. Alikosea akiwa peke yake, na hakuna aliyemwona. Akarekebisha mbele ya mji mzima. Nimejenga na mafundi wengi, Bwana Mkopi. Wa namna hiyo nimempata mmoja, na nimemzaa mwenyewe."

Katika chumba cha nyuma, Filotea alibaki amesimama, kiganja kikiwa juu ya udongo uliokuwa umeanza kunyonya joto la alasiri. Alingoja mpaka uso wake utulie. Kisha akafunga kifuniko cha fungu la tatu, akatoka kumsalimia mgeni.